Mrejesho: Babu mdogo hakufia Burma
Wakuu, nimerudi. Niliuliza habari za mdogo wake babu, aliyetoka Songea kufuata kibarua Kenya, akaingia jeshi la Mwingereza, asirudi, nasi tukadhani alifia vitani Burma (Myanmar ya leo). Walionishauri nitafute kwa namba ya jeshi badala ya jina, asanteni sana! Alikuwa kikosi cha mizinga cha 301, ndani ya meli Khedive Ismail, kutoka Kilindini kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu zaidi ya 1,200.

Jina lake nimeliona kwenye mnara wa kumbukumbu ya wasio na kaburi, ndani ya makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Nimelipitishia kidole, herufi kwa herufi. Baba, aliyerithi jina hilo, alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza, "Kwa hiyo hana kaburi?" Tutamsomea hitima nyumbani.