Nimeuliza kama ekseli ya mbele irekebishwe au ibadilishwe, gereji wakaipiga moto wa gesi

Ninaandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Lori langu lilifungwa kreni nyuma ya kabini, uzito mwingi ukaangukia mbele, na kibao cha ekseli ya mbele kinasema mwisho wa mzigo wake ni kilo 7,500. Nililipeleka gereji kwa swali moja: je, ekseli hii inaweza kurekebishwa ili ibebe zaidi, au niibadilishe nzima? Sikupewa jibu. Nilikabidhiwa lori ambalo boriti ya ekseli, yaani chuma kinene kinachokwenda kutoka gurudumu moja la mbele hadi la pili, imepashwa moto na kukunjwa, eti kwa sababu tairi zilikuwa zikiliwa upande wa ndani, kisha ikachomelewa bamba chini yake, yote hayo bila idhini yangu.

Boriti ya ekseli si nguzo ya geti. Ni chuma kilichofuliwa kiwandani, kikapashwa moto na kupozwa kwa vipimo ili kistahimili kupinda na kunyooka kila gari linapopita kwenye shimo. Ukikipiga gesi mpaka kiwe chekundu, uimara huo unapotea mahali hapo, na ufa hupenda kuanzia pale ulehemu unapoishia. Fundi mkuu alinijibu kwamba bamba limeongeza nguvu. Nguvu kiasi gani, na imepimwa na nani?

Tena kingipini, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia yanapokata kona, hazikuguswa. Kingipini na bushi zikilegea, au tairodi, yaani fito inayounganisha magurudumu mawili ya mbele ili yageuke pamoja, ikiwa imepangwa vibaya, tairi huliwa hata kama boriti imenyooka kabisa, na hivyo ndivyo vitu vilivyoundwa ili virekebishwe au vibadilishwe, pamoja na beringi na kabari zinazowekwa kati ya springi na ekseli. Marekebisho yangeishia hapo.

Kisha wakaja na hesabu ya tairi. Tairi la 385/65R22.5 lenye namba ya uzito 160 hubeba kilo 4,500, mawili hubeba 9,000, kwa hiyo wakatangaza kwamba lori sasa ni la tani 9 mbele! Hesabu hiyo ni sahihi kwa tairi na ni upuuzi kwa ekseli, kwa kuwa uwezo hupimwa kwa kifaa kilicho dhaifu kuliko vingine vyote, iwe boriti, springi, beringi, ringi au breki. Isitoshe, ringi linalotokeza nje zaidi huongeza nguvu ya kuikunja boriti ileile na kuzielemea beringi.

Sasa, baada ya kuiharibu, wananiuzia ekseli iliyotolewa kwenye lori lililokatwa, isiyo na kibao. Hawajapima umbali kati ya viti vya springi, wala kama boriti imeshuka vya kutosha kukwepa sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Hawajaangalia kama mkono wa stelingi utakaa kwenye kimo chake cha zamani, ilhali usipokaa hapo, springi zikibonyea wakati wa kufunga breki lori litajivuta upande lenyewe.

Ninadai wanirudishie gharama yote ya kazi hiyo, na boriti ile ikatwe mbele yangu isije ikafungwa kwenye gari la mtu mwingine. Aliyewahi kutoa ekseli ya kilo 7,500 na kufunga ya kilo 9,000 kwenye chasisi ileile, naomba anieleze kama alilazimika kubadilisha pia springi na boksi ya stelingi.