Nyayo zinateleza na kiuno kimekufa: ninanasaje mjongeo wa ngoma kwa simu?

MchoraKatuni_Bagamoyo
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninatengeneza katuni fupi ya pande tatu ambamo mama mmoja anacheza mdundiko akipita mtaani. Kwa kuwa sina uwezo wa kununua vazi lenye vihisio vya kunasa mjongeo wa mwili, nilimrekodi mchezaji hapa Bagamoyo kwa simu moja, fremu 30 kwa sekunde, nikaipitisha video kwenye programu inayokisia viungo vya mwili, kisha nikayavika matokeo kwenye mifupa ya mhusika wangu ndani ya Blender, programu ya kutengenezea katuni za pande tatu. Mikono imetoka vizuri. Tatizo liko chini: nyayo zinateleza kana kwamba sakafu imemwagiwa sabuni, magoti yanatetemeka, na kiuno, ambacho ndicho ngoma yenyewe, kimekuwa cha mtu aliye kwenye foleni ya benki. Nililainisha grafu zote za mjongeo. Mtetemo ukapungua, na ngoma nayo ikaondoka. Mchezaji alijifunga kanga na niliona si adabu kumwambia azitoe. Nimekosea wapi?

FundiMifupa_Chumbageni
Ndugu yangu, kosa lilitokea kabla hujafungua kompyuta. Programu za aina hiyo hukisia goti kwa kutazama picha tu. Goti likifunikwa na kitambaa kinachopepea, zinalikisia upya katika kila fremu, na makisio hayo yakipishana kidogo ndipo mtetemo unapozaliwa. Isitoshe, kamera moja haijui kina: mguu unaosogea kuelekea kwenye lenzi hufanana na mguu uliofupika. Jambo hili si geni. Étienne-Jules Marey, Mfaransa aliyechunguza mwendo wa binadamu kwa picha katika miaka ya 1880, alimvika mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe kwenye viungo ili mwendo usomeke. Nawe mwombe mama avae suruali nyeusi ya kubana na fulana, kisha kanga aifunge kibwebwe. Heshima yake itabaki, na kile kibwebwe kitakuonyesha nyonga ziliko. Tumia simu mbili zilizotazamana na mchezaji kwa pembe inayokaribia mraba, na apige kofi moja kubwa mwanzoni ili ulinganishe video hizo mbili.

BintiWaRaskazone
Naongezea kuhusu nyayo, kwa sababu hata video safi huteleza. Usizirekebishe kwa macho. Tafuta fremu ambayo kisigino kinagusa mchanga na ile ambayo kidole gumba kinauacha, halafu uufunge wayo mahali pamoja kati ya fremu hizo, na uiache programu ipige hesabu ya goti kuanzia wayo kwenda juu, badala ya kuanzia nyonga kwenda chini. Kazi hiyo inachosha, lakini mtazamaji asiyejua lolote kuhusu katuni huliona kosa la mguu mara moja.

Kuhusu kulainisha, kaka, hapo ndipo ulipokiua kiuno. Kiuno kikitikisika mara nne kwa sekunde, fremu 30 zinakupa picha saba au nane tu kwa kila mtikisiko, na kichujio, yaani kile kinacholainisha grafu, hakiwezi kupambanua mtikisiko huo na kosa la kompyuta. Rekodi kwa fremu 60, juani, ili picha zisifanye ukungu. Kisha lainisha magoti peke yake, nyonga usiziguse.

MzeeWaFremu
Wala usilionee wivu vazi la vihisio. Vihisio hivyo hupima mzunguko na mchapuko, na mahali mwili ulipo hupatikana kwa kujumlisha, hivyo kosa dogo hukua kadiri dakika zinavyokwenda. Vingi hutegemea pia usumaku wa dunia, ambao huvurugwa na chuma. Niliwahi kukodi vazi moja hapa Tanga, tukarekodi kwenye ukumbi wenye nondo sakafuni. Mchezaji alikuwa ameelekea baharini muda wote, lakini mhusika wangu aligeuka polepole hadi akaangalia Muheza.

MchoraKatuni_Bagamoyo
Nawashukuru sana. Jana asubuhi tulirudia kwa simu mbili, na mama mwenyewe ndiye aliyechagua kanga ya kibwebwe. Nyayo zimeshika chini na kiuno kimerudi. Limebaki bega la kushoto, ambalo hupotea kila anapotoa mgongo kwa simu zote mbili. Je, niongeze simu ya tatu, au sehemu hiyo niichore kwa mkono?

BintiWaRaskazone
Ni fremu ngapi? Zikiwa chini ya ishirini, chora.