Naomba ushauri: natunga nyimbo za Injili ila siimbi, nitajitegemeaje?

Shalom wapendwa, na wengine wote habari za jioni.

Niko Dodoma, natunga nyimbo za Injili tangu 2016. Mimi si mwimbaji (sauti yangu wanakwaya wenzangu wanaijua, tuiache). Natunga maneno na melodi, naandika sauti zote nne kwa do-re-mi kwenye daftari, halafu nawafundisha. Zimefika 40 na kitu, nyingi nimezitoa bure kwa kuwa "ni huduma".

Mwaka jana kwaya moja ilirekodi wimbo wangu na kutoa video. Uko YouTube, harusini unapigwa, jina la mtunzi halipo popote. Nilipomfuata mwalimu wao akanijibu thawabu yangu iko mbinguni. Amina, lakini kodi ya chumba nalipa hapahapa duniani.

Nimejaribu kuwaandikia waimbaji binafsi. Mmoja alitaka wimbo kwa elfu 30, uwe wake moja kwa moja, nisitajwe. Nilikataa, ingawa siku ile nilikuwa sina hata ya vocha.

Sasa naomba kujua kwa waliopita njia hii: COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) wanasajili wimbo ukiwa na daftari na rekodi ya simu tu, au mpaka uingie studio kwanza? Na mnapompa mwimbaji wimbo, mnauza jumla au mnaandikishana asilimia? Mwenye mfano wa mkataba mfupi wa Kiswahili anisaidie, tafadhali. Kuna mwimbaji mwingine anasubiri wimbo Jumamosi.