Nani aseme mgonjwa arudi kwenye usukani? Cheti cha CDRS kwa wataalamu wa tiba: kiwe lazima, au ni karatasi tu?

Mwanakwetu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mimi ni OT (occupational therapist), yaani mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku; niko Minnesota mwaka wa 11 huu, wodi ya kiharusi na majeraha ya ubongo. Huku Marekani mgonjwa akishaweza kusimama hakuulizi atatembea lini. Anauliza ataendesha lini. Anakoishi hakuna basi, duka liko maili 9, bila gari amefungwa ndani kama kuku wa mayai. Na jibu anataka alipate kwangu.

Kipo cheti kinaitwa CDRS, cha utaalamu wa kuwarudisha watu kwenye udereva. Kinatolewa na ADED, chama cha wataalamu wa kazi hiyo kilichoanzishwa mwaka 1977. Wanaokipata wengi ni OT, ila hata mwalimu wa udereva anaweza kukisomea. Unafanya kwanza kazi hiyo kwa mamia ya saa, unakaa mtihani, halafu kila baada ya miaka 3 unaonyesha umeendelea kujifunza. Kukipata ni hiari. Bosi wangu anataka niwe nacho, lakini ada, nauli na siku za kozi ni juu yangu. Wenzangu wawili wananicheka: leseni ya OT inatosha, hizo herufi ni mapambo ya kadi ya biashara.

Mimi nimefika mahali nasema hivi: asiye na mafunzo haya asiandike "anaweza kuendesha" kwenye faili la mgonjwa yeyote. Na sheria iseme hivyo. Nipingeni.

Kipilefti

Nakupinga dada yangu, na mimi si mtu wa hospitali. Ni dereva wa lori, Texas.

Mke wangu alipata kiharusi kidogo. Daktari akasema asiendeshe mpaka apimwe na mtaalamu wa udereva mwenye cheti. Sawa. Wa karibu alikuwa umbali wa saa 3, na nafasi ilikuwa baada ya miezi 4. Bima ikasema hilo si tiba, tukatoa mamia ya dola mfukoni. Alipopimwa akapita bila shida yoyote.

Sasa niulize: miezi 4 ile nani alimpeleka kazini? Wiki niliyokuwa nyumbani, mimi. Wiki niliyokuwa barabarani, tuseme ukweli, aliendesha mwenyewe. Na OT wake wa mtaani, binti mmoja makini sana ambaye alikuwa akimwona mara mbili kwa wiki, alishaona kwamba yuko sawa, ila hakuthubutu kuandika kwa sababu "sina cheti". Mnachofanya ni kuweka geti halafu mnamnyima mlinzi ufunguo. Watu wanaruka ukuta.

Mwanakwetu

Pole kwa mliyopitia. Foleni nakubali, hata kwetu ipo. Lakini nikupe upande wangu, nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asijulikane.

Mzee wa miaka sitini na kitu, kiharusi upande wa kulia wa ubongo, ule unaoongoza kushoto kwa mwili. Mkono umerudi, mguu umerudi, mcheshi, anakumbuka majina ya wauguzi wote. Nikampa vipimo vya mezani. Kile cha kuunganisha namba na herufi, 1 kwenda A, A kwenda 2, 2 kwenda B, ambacho ukivuka sekunde 180 ni ishara ya hatari, alikimaliza kabla ya muda. Nilipomwambia achore uso wa saa kwenye karatasi, aliuchora vizuri. Mimi kalamu ilikuwa mkononi kuandika "sawa".

Siku hiyo kulikuwa na mwenzetu mwenye CDRS amekuja kwa kazi nyingine. Mzee akiwa anatoka ofisini, bega la kushoto likagusa fremu ya mlango. Akaomba radhi, "samahani", kwa mlango! Tukacheka wote. Yule mwenzetu hakucheka. Akaniuliza, "Huyu umemjaribu akiwa na kazi mbili kwa wakati mmoja?"

Mwenzetu huyo akaenda naye barabarani kwenye gari lenye breki ya mwalimu. Kwenye maegesho, safi. Mtaa mtulivu, safi. Akampeleka makusudi kwenye barabara yenye malori na makutano ya kukata kushoto, na njiani akamuuliza habari za wajukuu. Ndani ya dakika chache gari likaanza kulalia mstari wa katikati. Huku tunaendesha kulia, kwa hiyo kushoto kwako ndiko wanakotoka wanaokuja uso kwa uso. Breki ya mwalimu ilikanyagwa mara mbili. Mzee mwenyewe hakujua kwa nini.

Yale ya mezani niliyafanya sawasawa. Ambalo sikulijua ni kwamba upande uliosahaulika na ubongo unaweza kujificha mpaka mtu abebeshwe mzigo. Shuleni nililisoma kwa aya moja. Yeye amelifanyia kazi miaka.

Moshi Mjini

Hapo umenigusa. Mimi ni OT pia, nimesomea KCMC, Moshi, bado niko nyumbani.

Huyo mzee wako tumlete Tanzania. Huku tunaendesha kushoto. Upande anaousahau si wa magari yanayokuja tena, ni ukingoni: mwenye baiskeli, bodaboda anayepita kati, mama na beseni la ndizi, abiria wanaoshuka daladala. Kwenye gari hatagongana na lori. Atamgonga mtu anayetembea. Ugonjwa ule ule, lakini anayekufa ni mwingine.

Ndiyo maana nawashangaa wenzangu huku wanaosema nao wakakae mtihani huo ili waje kuufanyia kazi nyumbani. Mtihani umetungwa kwa barabara, sheria na magari ya Marekani. Utafaulu, kisha utampima mgonjwa kwenye kipilefti ambacho hakuna anayempisha mwenzake. Msingi wa kitaalamu ni ule ule, sikatai. Barabara ndiyo siyo.

Jambo jingine: watu wenye ulemavu wa miguu wanaoendesha bajaji Dar ni wengi. Bajaji mafuta yako mkononi, klachi mkononi, gia mkononi, breki tu ndiyo ya mguu, na fundi anaihamishia juu. Mteja anakaa fundi anapima kwa macho, anachomelea, wanajaribu uchochoroni. Fundi huyo hana cheti cha mtu yeyote, na watu wamelea familia. Mimi nikienda pale na herufi zangu nne nitafundishwa mimi.

Nesi wa Columbus

Naona mnazungumzia wagonjwa na barabara. Mimi nitazungumzia familia, maana huko ndiko moto unakowaka.

Baba yangu tulimleta Ohio akiwa na miaka 74. Alikuwa ameendesha tangu ujana, Land Rover, barabara za vumbi, hajawahi kupata ajali. Kusahau kulipoanza, mimi binti yake ndiye niliyesema, "Baba, funguo niachie." Wakuu, alininunia wiki tatu. Chakula changu akawa hali. Akampigia kaka mkubwa simu Tanga kwamba mtoto amemvua heshima mbele ya wajukuu.

Tulipompeleka kwa mtaalamu mwenye cheti, yule mama alikaa naye gari moja saa nzima, akamwita "sir" kila sentensi, akamweleza mwenyewe alichokiona: pale ulipita taa nyekundu, pale uliingia njia ya mkono usio wako. Baba akarudi kimya. Jioni akaniambia, "Yule anajua gari." Basi. Funguo akaziweka mezani yeye mwenyewe.

Ningeenda kwa OT wa kawaida aliyemchoresha saa kwenye karatasi, baba angesema katoto kamenichezesha michezo ya chekechea. Kwa hiyo mimi kwa karatasi hiyo nililipa na ningelipa tena.

Kipilefti

Nesi, pole na mzee. Lakini sikiliza ulichosema: "yule anajua gari." Hakusema "yule ana cheti." Angekuwa mwalimu wa udereva mwenye busara, baba angekubali vile vile.

Nesi wa Columbus

Mwalimu wa udereva angejuaje kwamba kupita taa nyekundu ni ubongo na si uzembe?

Leeds Kaskazini

Niwaletee ya Uingereza, maana mnaligeuza kuwa suala la mtu mmoja na karatasi yake.

Huku ukipata kiharusi huendeshi gari dogo mwezi 1. Kama leseni yako ni ya basi au lori kubwa, mwaka 1. (Kipilefti, hiyo ingekuuma.) Baada ya hapo, wa gari dogo ukibaki na tatizo unawaarifu DVLA, wanaotoa leseni, na wao ndio waamuzi. Wakihitaji wanakupeleka kwenye kituo cha kupima madereva. Viko vituo vya namna hiyo chini ya mtandao wa Driving Mobility, na kituoni kwa kawaida unapimwa na wawili: mtaalamu wa tiba, mara nyingi OT, na mwalimu wa udereva aliyeidhinishwa. Mmoja anaangalia ubongo na mwili, mwingine anaangalia barabara na mkono wake uko tayari. Kipimo cha kwanza kabisa ni cha bure na kila mtu anakijua: soma namba ya gari lililo mita 20.

Nilichojifunza ni kwamba swali la Nesi na jibu la Kipilefti yote ni kweli kwa pamoja. Mwalimu hajui ubongo, OT hajui gari. Marekani mmeamua kuwatia wote wawili ndani ya mtu mmoja kisha mkampa herufi. Sisi tumewaweka viti viwili. Kwangu viti viwili ni bora, kwa sababu mmoja akikosea mwingine yupo.

Mwanakwetu

Leeds, hata hapa programu kubwa zina wawili. Na hapa pia OT hafuti leseni ya mtu, anapendekeza. Mamlaka ya leseni ya jimbo ndiyo inaamua, na kila jimbo lina lake: California daktari analazimika kuripoti magonjwa ya kupoteza fahamu, majimbo mengi ni hiari yake. Hilo nalo linanitisha. Neno langu ni ushauri tu kwenye karatasi, lakini mgonjwa akishalisikia analichukua kama hukumu.

Moshi Mjini, ya mafundi wa bajaji nimeyapenda, lakini ngoja nikupe ya upande wangu. Mtu aliyepooza kulia anafungiwa pedali ya mafuta upande wa kushoto wa breki, na ile ya zamani inafunikwa ngao. Fundi anaifunga ndani ya muda mfupi, kazi nzuri, haina dosari. Tatizo ni mazoea. Miaka 40 mguu wake umejua kwamba kuna hatari ondoka kwenye mafuta uende kushoto, breki iko huko. Sasa breki iko kulia. Akishtuka, mwili unatafuta breki ulikoizoea, na huko hakuna breki. Kumzoeza upya mtu huyo ni saa na saa za mazoezi, na wengine hawazoei kabisa na inabidi uwaambie. Kwa kifaa hicho siwezi kumwachia fundi, na siwezi kumwachia OT aliyeanza mwaka jana.

Moshi Mjini

Hiyo nakupa. Bajaji mtu anaianza upya, hana mazoea ya kuvunja. Gari ni kesi nyingine.

Kipilefti

Haya dada, twende taratibu. Ulianza na "mgonjwa yeyote". Sasa unataja pedali ya kushoto na mzee anayesahau nusu ya dunia. Mke wangu hakuwa mmojawapo. Kwa nini alikaa foleni moja na hao?

Mwanakwetu

Hakupaswa kukaa. Ukweli ni kwamba hata AOTA, chama cha OT wa Marekani, na ADED wenyewe wanazigawa huduma hizi kwa ngazi, kuanzia tathmini ya msingi, kupanda kwenye vifaa vyepesi, mpaka magari yenye mitambo tata. Nilipoandika mada nilikuwa bado nina hasira na yule mzee wangu wa mlangoni. Nalipunguza neno langu: "yeyote" nalifuta. OT wa kawaida apewe mafunzo mafupi ya kuchuja, na akiona mtu yuko wazi kabisa, aandike na ajibebee. Penye kifaa, penye jeraha la ubongo lenye utata, penye kusahau, hapo mwenye cheti.

Leeds Kaskazini

Na mzee wa mlangoni, kwenye mchujo mfupi angewekwa wapi?

Mwanakwetu

Kwenye "wazi kabisa". Na mimi mwenyewe ndiye ningemweka. Ndiyo hapo ninapolala vibaya.

Kipilefti

Basi mfundisheni huyo wa mchujo kuangalia milango. Siongei utani. Saa ya karatasi haikumkamata mzee, fremu ilimkamata.

Nesi wa Columbus

Dada, na bosi je? Umekubali kulipa mwenyewe?

Mwanakwetu

Nimemwandikia leo asubuhi. Nimemwambia alipe ada na anipe siku za kozi, nakaa mtihani. Asipolipa, kila mgonjwa mwenye utata nitamwandikia "apelekwe kwa mwenye cheti", na wa karibu yuko saa 2 kutoka hapa. Ataona mwenyewe wagonjwa wangapi wanaondoka na faili zao.