Wageni kutoka Foshan, mgahawa wa Kikantoni Masaki, na mshirika wangu ni Alhaji: niagize nini?

VigaeBuguruni

Habari za jioni wakuu. Nina duka la vigae Buguruni na mzigo wangu mwingi unatoka Foshan, China. Wiki ijayo mwenye kiwanda anakuja Dar na mke wake, mama yake mzazi, na kijana wao wa mauzo ambaye ndiye anatafsiri. Mimi nikienda kwao wananipokea uwanja wa ndege, wananilisha, wananirudisha hotelini. Safari hii zamu ni yangu na sitaki kuwaangusha.

Nimepita kwenye mgahawa mmoja wa Kikantoni kule Masaki, ule wa vitambaa vyeupe na vyumba vya faragha. Nimepewa menyu ndefu, nusu ya vyakula sivijui, na upande wa vitu vya baharini hakuna bei, wameandika tu "bei ya siku".

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mshirika wangu. Ni Alhaji, mtu mzima, hali nguruwe, hagusi pombe, na hataki kuambiwa "kula tu, hakuna kitu". Ninamheshimu kama kaka yangu. Sitaki akae mezani na glasi ya maji wakati wengine wanakula. Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Twende mchana au usiku? Niagize nini? Nani akae wapi? Bajeti ipo ila si ya kumwaga.

---

Tegeta_Nyuki

Mkuu, Mchina aje Tanzania halafu umlishe chakula cha kwao? Wapeleke wakale mbuzi wa kuchoma, ndizi na kachumbari, au pweza na mishikaki Coco Beach. Alhaji anakula kwa amani, wewe unabaki na hela yako, na wageni wanapata cha kusimulia.

---

MamaTausi_Kkoo

VigaeBuguruni mdogo wangu, salaam. Mimi nauza mapazia Kariakoo, na Guangzhou nilianza kwenda tangu mwanangu wa kwanza yuko mgongoni. Sasa huyo yuko chuo. Ni Mwislamu pia, kwa hiyo wasiwasi wa Alhaji naujua.

Mbuzi wa Tegeta ni wazo zuri, liweke siku ya pili. Siku ya kwanza una bibi mtu mzima aliyetoka kwenye ndege. Watu wazima wa Guangdong, jimbo lenye Foshan, wanataka supu ya moto na kitu laini, tena chakula chao hakina pilipili kama cha Sichuan. Ukimkalisha mbele ya chakula anachokijua, kimepikwa vizuri ugenini, anaona umehangaika kwa ajili yake. Mwanawe ataliona hilo kabla ya kuona bei ya vigae.

Halafu angalia wanatoka wapi. Shunde, kule wanakosifiwa wapishi wa Kikantoni, ni wilaya ya Foshan hiyo hiyo. Mwaka 2014 UNESCO iliitangaza kuwa mmoja wa miji ya upishi duniani. Sifa yao kubwa ni samaki. Kwa hiyo meza yako yote itapimwa kwa sahani moja: samaki mzima wa mvuke. Watu wakisikia mgahawa wa bei mbaya wanawaza mapezi ya papa na viota vya ndege. Achana navyo kabisa. Mapezi ya papa hayana ladha yake, ladha yote ni ya supu, na papa wetu wanakwisha. Pesa yako iweke kwenye samaki.

Omba chewa. Uliza kama wana tangi la samaki hai. Kwenye mgahawa wa maana mhudumu anamtoa samaki, anamleta mezani kwenye ndoo umwone anavyopumua, ndiyo anamrudisha jikoni. Hiyo "bei ya siku" ni bei ya kilo. Uliza kilo ni shilingi ngapi na huyu samaki ana kilo ngapi, na uulize jana yake ukiwa peke yako na meneja. Mimi karamu zangu zote namaliza kuagiza kabla mgeni hajafika. Kuanza kusoma menyu mbele ya watu wenye njaa, ndipo mtu anapoona haya kuuliza bei, halafu bili inamtoa jasho.

Samaki akiletwa, mtazame. Juu ana vitunguu majani na tangawizi vilivyokatwa nyuzinyuzi, vimemwagiwa mafuta ya moto hadi vikachachatika, na soya imepita chini yake, haikumzamisha. Sukuma nyama kwa kijiti hadi kwenye uti. Inatakiwa iachie mfupa kwa kusitasita, na pale kwenye mfupa kabisa uone uwaridi kwa mbali. Hapo bibi atatikisa kichwa bila kusema kitu, na wewe umeshashinda. Ikipukutika yenyewe, amezidi kuiva. Mwandae Alhaji mapema, maana sisi wa pwani tumezoea samaki aliyekauka kidogo na anaweza kudhani huyu ni mbichi.

Kichwa cha samaki kimtazame bibi. Upande wa juu ukiisha usimgeuze. Kwao ni kama kupindua chombo cha mvuvi. Unainua uti mzima, unauweka kando, mnaendelea na upande wa chini.

Kukaa: kiti kinachotazama mlango ndicho cha heshima, mkaribishe bibi hapo. Alhaji mweke karibu naye, watu wazima wakae pamoja. Wewe kaa karibu na mlango uweze kumwita mhudumu. Ile sahani ya kuzunguka katikati ya meza isogeze taratibu, na kila chakula kianzie kwa bibi.

Chai inakuja kabla ya chochote na utaulizwa ipi. Pu'er ni nzito, inakata mafuta. Ya maua ya krisanthemu ni nyepesi, haikeshi mtu. Mimina kwa wakubwa kwanza, kikombe chako kiwe cha mwisho. Ukimiminiwa, gonga meza kidogo kwa vidole viwili, ndiyo asante yao. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong, aliyetawala kuanzia 1735, alisafiri kwa kujificha akawamiminia chai watumishi wake. Wasingeweza kumpigia magoti hadharani, basi wakakunja vidole mezani. Buli likiisha huiti mtu, unaacha kifuniko kimeegama. Na Alhaji ajue kuwa chai inapokelewa badala ya pombe. Wakinyanyua glasi, yeye anyanyue kikombe kwa mikono miwili, hakuna atakayemsumbua.

La nguruwe nitasema langu tu. Kwenye meza za wasambazaji nakula samaki, mboga na wali mweupe. Nikitaka kula bila kuuliza maswali naenda Xiaobei, pale pale Guangzhou, kwenye migahawa ya Waislamu wa kule. Lakini jikoni sijawahi kuingia, anayefahamu aseme.

---

Jiko_la_Nyuma

Shikamoo Mama Tausi. Mimi nimefanya kazi jiko la Kikantoni hapa mjini, nilianza kuosha vyombo, nikamalizia upande wa mvuke. Naomba niseme ya kule ndani, kwa sababu mhudumu anaweza kumwambia Alhaji "hii haina kitimoto" naye mwenyewe anaamini hivyo.

Mkuu, usiende mchana. Mchana ni dim sum, vile vitafunwa vidogo vidogo vya Kikantoni, na dim sum ndiyo hatari kuliko vyote kwa Mwislamu. Chukua har gow: unga mweupe unaong'aa, unamwona kamba ndani, unasema hiki ni salama. Kwa kawaida kamba huyo amechanganywa na vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe ili awe na majimaji. Siu mai ni nguruwe na kamba pamoja. Keki ya figili ina soseji ya nguruwe. Vitobosha vya yai unavyowapa watoto, gamba lake mara nyingi limekandwa kwa mafuta ya nguruwe. Na yote hayo yamechanganywa alfajiri kwa mkupuo mmoja. Saa sita mchana ukiomba "toa nguruwe", hakuna anayeweza kuitoa.

Usiku chakula kinapikwa kwa oda, kwa hiyo tunaweza kukibadilisha. Ila kuna sufuria moja lazima ulijue. Kila jiko zuri la Kikantoni lina supu ya msingi inayochemka saa nyingi: kuku, nyama ya nguruwe na paja la nguruwe lililokaushwa la Jinhua. Hailetwi mezani kama supu. Inatiwa kijiko kwenye mboga, kwenye tofu, kwenye kamba kochi, kwenye tambi. Mtu anaagiza "mboga tu", na mboga zimelowa nguruwe. Sosi ya XO, ile ya Hong Kong, nayo ina paja hilo hilo. Mvinyo wa Shaoxing unapigwa pembeni ya karai dakika ya mwisho, moto unaruka juu, harufu inapanda. Mpishi hata hafikirii, mkono unakwenda wenyewe. Bata wa kuoka anatundikwa tanuri moja na nguruwe.

Sasa fanya hivi. Ongea na mpishi mkuu, mhudumu hatoshi, tena siku mbili kabla. Mwambie meza nzima bila nguruwe, bila ile supu ya msingi, bila mvinyo. Usitake sahani za Alhaji peke yake, maana jikoni zinachanganyika na mezani kila mtu anachota. Wageni hawatapungukiwa, samaki wa mvuke hahitaji hata kimoja kati ya hivyo. Baadhi ya wapishi humpaka mvinyo kukata shombo, lakini tangawizi inatosha, na siri kubwa ni kumwaga yale maji yanayojikusanya kwenye sahani baada ya mvuke, kabla ya kutia soya. Shombo yote imo humo.

Mengine: kamba wa tangawizi na vitunguu majani kwenye karai lililooshwa na mafuta mapya. Choy sum, mboga ya majani ya Kichina, kwa kitunguu saumu na maji tu. Tofu laini ya mvuke. Wali mweupe, au wa mayai bila vipande vya nyama. Kaa ni mtamu sana kwenye mapishi haya, lakini muulize Alhaji kwanza, wapo Waislamu wengi wa kwetu wasiomla. Na supu ya bibi: kuku mzima na tende nyekundu za Kichina, chungu chake mwenyewe, achemke taratibu. Kuku nunueni wenyewe Kisutu aliyechinjwa vizuri, wengi wanakubali mkimpeleka mapema.

Baada ya yote hayo, jiko ni lile lile na visu vinakata nguruwe kila siku. Usimwambie Alhaji ni halali tupu. Mweleze kama nilivyokueleza mimi, kisha aamue mwenyewe.

---

VigaeBuguruni

Mama Tausi, shikamoo na asante sana. Jiko_la_Nyuma, Mungu akubariki. Nimemsomea Alhaji maneno yenu yote dukani. Kaa hali. Samaki na kamba amekubali kwa sharti la sahani na karai kuoshwa, na kuku amesema atakwenda Kisutu mwenyewe, hataki nitume mtu. Tegeta, mbuzi wako ni Jumapili.

Nimebaki na mawili. Hawa jamaa kwao waligombania bili hadi wakasukumana, nifanyeje? Na Alhaji hajawahi kushika vijiti.

---

MamaTausi_Kkoo

Marahaba. Bili imalize kabla. Mwachie meneja malipo ya awali na umwambie asipokee pesa ya mtu mwingine yeyote. Salio nenda kalipe kaunta wakati wanaleta matunda, kana kwamba unakwenda kunawa. Kijana wa mauzo atakufuata, we muda huo uwe umeshamaliza.

Vijiti si lazima. Omba kijiko na uma viwe vimewekwa mahali pa Alhaji tangu mwanzo, asilazimike kuviomba. Akitaka kujaribu ajaribu, ila asivisimamishe kwenye bakuli la wali; wanafanya hivyo kwa ubani wa marehemu na bibi atashtuka.

Umuulize pia mpishi kama anaweza maziwa ya ngozi mbili. Ni ya Shunde: maziwa, ute wa yai na sukari, yanagandishwa kwa mvuke. Ni ya kwao hasa na Alhaji atayala bila wasiwasi.

---

Jiko_la_Nyuma

Nyongeza moja, mkuu. Jioni kuja Masaki ni foleni, na wageni lazima watachelewa. Mwambie meneja samaki asiingie kwenye mvuke mpaka watu wote wawe wamekaa na supu imeshaliwa. Chewa wa chini ya kilo moja hazidi dakika kumi kwenye mvuke, kwa hiyo hakuna atakayesubiri sana. Akitangulia yeye kuiva halafu akawekwa pembeni apate joto, hata awe alikuwa hai nusu saa kabla, ameshaharibika.