Naomba ushauri: stoo na uhasibu hawaelewani, Odoo imekwama

Wakuu, naomba ushauri kwa mliosimamia mfumo mmoja wa kompyuta wa kampuni nzima, kama Odoo tunayotumia sisi.

Manunuzi wanatoa LPO (hati ya kuagiza bidhaa kwa msambazaji) kwenye Odoo vizuri tu. Tatizo liko stoo: mifuko 200 ya saruji inashushwa, inaandikwa kwenye daftari, kwenye mfumo inaingia siku ya tatu. Mauzo wameshatoa 60, salio linasoma hasi. Ankara ikifika, uhasibu hawaoni mapokezi ya kulinganisha nayo, wanazuia malipo, na msambazaji anawapigia kelele manunuzi.

Mafunzo zaidi hayatasaidia, naamini hivyo kabisa. Stoo wanaona wanawafanyia uhasibu kazi. Wakikosea kipimo, wakaandika tani badala ya mifuko, wanaitwa kujieleza kwa meneja wa fedha. Nani ataharakisha kuingiza?

Ninachofikiria ni tableti mlangoni pa stoo, delivari noti isisainiwe kabla mapokezi hayajathibitishwa, na ankara ilipwe kwa kiasi kilichopokelewa tu. Makosa ya kipimo yarekebishwe na manunuzi, kwenye LPO.

Sasa, mchakato huu uwe chini ya nani: stoo, manunuzi, au mtu anayeripoti moja kwa moja kwa mkurugenzi? Na daftari liondolewe siku moja, au daftari na mfumo viende sambamba hadi hesabu ya mwisho wa mwezi?