Naomba ushauri kuhusu safari ya Puglia, kusini mwa Italia

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa yeyote anayeifahamu vyema Puglia, ambako natamani kuziona nyumba za mawe za Alberobello zenye mapaa ya umbo la pia, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, pamoja na majabali ya Polignano a Mare. Kinachonivuta zaidi, hata hivyo, ni chakula: katika mji mkongwe wa Bari akina mama hutengeneza orecchiette (tambi ndogo zenye umbo la sikio) barazani, wakikikokota kila kipande cha unga kwa kisu na kukigeuza juu ya kidole gumba. Je, huwa wanakubali mgeni ajifunze? Na ni mwezi gani unaomfaa mtu anayependa kutembea kwa miguu bila kuunguzwa na jua? Natanguliza shukrani.